Gari Lililovaa kwa Ajili ya Mkaguzi

Nchini Uingereza, gari lililoundwa nyumbani kutokana na seti ya vipuri haliingii barabarani mpaka lipite ukaguzi uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009 badala ya ule wa SVA. Mgeni angedhani maandalizi yake ni ya injini na breki. Kumbe kazi kubwa ni mpira. Kanuni inataka kila ukingo wa nje unaoweza kuguswa na tufe la kipenyo cha milimita 100 uwe na mviringo wa nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5. Basi fundi aliyemaliza akiba ya nyumba kwa kusaka umbo la mwendokasi hushinda akivisha kingo mipira na nati vikofia vya plastiki, hadi gari la michezo lifanane na bwana harusi aliyevalishwa na shangazi zake.

Bomba la moshi nalo lisizidi desibeli 99, hivyo hushindiliwa pamba ya kioo. Usukani sharti ujirudishe wenyewe baada ya kona. Ukikaidi, pembe za magurudumu ya mbele hurekebishwa mpaka utii. Spidomita yaruhusiwa kuzidisha mwendo kidogo, kuupunguza hapana: uongo halali ni wa upande mmoja.

Cheti kikishatoka, baadhi ya wenye magari hubandua mipira yote, usalama ukiwa umeshathibitishwa kwa maandishi. Gari lisilojulikana umri wake hupewa namba inayoanza na Q, ili majirani nao wajue.