Injini Zilizobadilishiwa Kituo cha Kazi

Injini ya ajabu katika mashindano ya magari si lazima iwe imebuniwa upya kwenye karatasi ya mhandisi, kwani nyingi zilizoingia katika historia ya mchezo huo zilikuwa injini za kawaida zilizobadilishiwa kituo cha kazi. Jambo hili halihitaji maelezo marefu mjini Dodoma, ambako tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi, na hasa tangu msukumo wa mwaka 2016, watumishi wengi wamejionea kwamba barua ya uhamisho huandikwa kwa siku moja, ilhali vumbi, upepo na maji ya chumvi huzoeleka polepole. Injini nayo huhamishwa, tena bila posho. Ikitolewa kwenye pampu au pikipiki na kufungwa kwenye gari la mashindano, yenyewe huendelea na kazi yake ileile, na wanaoumia kwanza huwa ni majirani zake wapya: cheni, kabureta, ekseli, na mara nyingine mgongo wa dereva.

Jirani wa kwanza ni hewa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe hupoteza kiasi cha asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo kabureta iliyopimwa Dar es Salaam hufika uwanda wa kati ikitoa petroli ya pwani kwa hewa ya bara, plagi zikawa nyeusi, na muuza mafuta akalaumiwa kwa kosa la jiografia. Dawa mojawapo ni supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe. Mwaka 1993 Subaru ilileta katika Mbio za Safari nchini Kenya kigari kiitwacho Vivio, chenye silinda nne na ujazo wa cc 658 tu, kiasi kwamba kila silinda yake ilikaribiana na ile ya bodaboda ya cc 150, lakini kilikuwa na supachaja. Colin McRae, dereva aliyekuwa na haraka kuliko wote, aliishia njiani na cha kwake. Patrick Njiru wa Kenya alikifikisha cha kwake katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake.

Safari hiyohiyo, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na ambayo zamani ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, iliwahi kutekwa na injini ya mipigo miwili, ambayo haina oili yake ya kudumu bali hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Gari la DKW lenye silinda tatu za namna hiyo lilishinda mwaka 1956. Mfumo huu una mtego wake: dereva akiachia mafuta kwenye mteremko mrefu, injini hukosa petroli na oili kwa pamoja, huku magurudumu yakizidi kuizungusha ikiwa kavu. Kwa hiyo magari hayo yalifungwa friwili, kama ile ya baiskeli, inayoyaacha magurudumu yazunguke peke yake, na injini ikaokolewa kwa kumnyang'anya dereva msaada wa gia katika kupunguza mwendo, jambo ambalo kwenye makorongo ya Kondoa lingemfanya akumbuke sala zote alizofundishwa utotoni. Injini hizo, hata hivyo, zilikuwa nyepesi, na wepesi una faida isiyoandikwa katika vitabu vya ufundi. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Uswidi, akiwa na Saab ya mipigo miwili ya cc 841, alikwama kwenye tope, akalitoa gari kwa kulibiringisha, na akamaliza mashindano akiwa wa pili. Walipojitokeza wasioamini, alilibiringisha tena mbele yao.

Uwanda wa kati wenyewe ulipata uhamisho wake mkubwa wa injini mwaka 1947, pale serikali ya Uingereza ilipoanzisha huko Kongwa mradi wa karanga uliokuwa ukishindana na msimu wa mvua, na ukaishiwa na matrekta kabla haujaishiwa na pori. Baadhi ya matrekta yaliyoletwa, yaliyoitwa Shervick, yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa wakulima. Vifaru vya Sherman kwa jumla vilikuwa maonyesho kamili ya injini za ajabu: vingine vilibeba injini ya ndege ya silinda tisa, na vingine injini tano za gari zilizounganishwa kuwa moja yenye silinda 30. Ardhi ya Kongwa haikutishika. Kiangazi iliganda, na mchanga wake ukala vyuma vya kulimia, hadi mradi ukaachwa mwaka 1951.

Uhamisho uliofanikiwa ni ule wa Charles Cooper na mwanawe John, ambao mwaka 1946, karibu na London, waliunganisha sehemu za mbele za Fiat ndogo mbili na kufunga nyuma ya dereva injini ya pikipiki ya cc 500, kwa sababu tu cheni ilikuwa rahisi kufika kwenye magurudumu kutoka hapo. Uvivu huo wa cheni ulimpa dereva Jack Brabham ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1959, akiwa na Cooper iliyosukumwa na injini ya Coventry Climax, kiwanda kilichoingia mbioni kwa injini iliyotokana na pampu ya kuzimia moto. Wakulima wa Bahi wenye pampu wasipewe habari hii bila tahadhari.

Kijana wa Dodoma anayetaka kumfuata Cooper huanza na injini ya bodaboda, mara nyingi ya ukoo wa CG ambao Honda iliutoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Huifunga kwenye fremu ya mabomba ya maji, na hapo majirani huanza kulalamika kwa zamu. Chuma kilichochomelewa huvuta kinapopoa, sproketi mbili zikaacha kutazamana, na cheni ikatoka. Ekseli isiyo na difu, yaani kifaa kinachoruhusu gurudumu la ndani ya kona lizunguke polepole kuliko la nje, hulazimisha magurudumu yote mawili yaende sawa, hivyo usukani hukatwa kushoto na kigari huendelea moja kwa moja kwa mama lishe. Injini iliyozoea kupulizwa na upepo hujikuta imejificha nyuma ya kiti, ambako hupoozwa na shati la dereva. Na kwa vile bodaboda haina pampu ya mafuta, tangi lazima liwe juu ya kabureta, na ndiyo maana dumu la mafuta ya kula hupanda hadi usawa wa kisogo.

Hila ya kiufundi kuliko zote imo ndani ya kabureta. Pikipiki hulala kwenye kona, na petroli katika kibakuli cha kabureta hulala pamoja nayo, hivyo boya linalopima kiasi chake halisikii tofauti yoyote. Kigari cha magurudumu manne hakilali, petroli hukimbilia upande mmoja, na injini hukohoa katikati ya kona, kisha huamka kwa nguvu zote kona ikiisha, wakati dereva ameshakanyaga mafuta hadi mwisho. Na kwa kuwa injini ya bodaboda haina rivasi, kurudi nyuma hakupo. Hushukwa na kunyanyuliwa.

Mwenye busara angetumia injini ya bajaji, ambayo huja na feni yake, difu yake na hata rivasi, vyote katika bonge moja. Kasoro yake ni moja tu, nayo haitibiki kwa spana: kila inapowashwa kwenye mstari wa kuanzia, atatokea mtu pembeni ya uwanja na kuuliza nauli ya Nkuhungu.