Jinsi ya Kumkirimu Jiadia

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumjua jiadia. Ni kijidudu asiyeonekana kwa macho, husafiri majini akiwa ndani ya ganda, na akifika utumbo mwembamba hulivua, hujibandika ukutani na kuanza kuzaana. Ukimtazama kwa hadubini utadhani kisura chenye macho mawili. Mholanzi Leeuwenhoek alimwona mwaka 1681, kwenye kinyesi chake mwenyewe. Kama nawe unamtamani, fuata hatua hizi.

1. Yaamini macho. Maji yaking'aa, kunywa. Mkeo akitaja kuchemsha, mwambie gesi imepanda bei na mababu walikunywa ya mtoni wakaishi. Watoto waliowazika usiwataje. Wala usiseme kwamba maji yakitokota dakika moja tu, mgeni hafui dafu.

2. Umechemsha? Usikate tamaa. Yamimine kwenye mtungi usio na kifuniko, kisha weka kikombe kimoja cha ukoo mzima. Chetu kilikuwa cha plastiki, chekundu, kimefungwa kamba kwenye shingo ya mtungi. Kila mtoto aliyetoka chooni alikichovya hadi kiganjani, vidole vikaonja maji kabla ya mdomo. Mgeni hana makuu: maganda yasiyozidi kumi yanatosha kuanzisha ukoo wake tumboni mwako.

3. Usimuulize muuza juisi. Kutaka kujua barafu imegandishwa kwa maji gani ni utovu wa adabu. Jiadia huvumilia baridi. Kwenye maji baridi huweza kungoja wiki kadhaa bila kulalamika.

4. Mpokee kwa heshima. Baada ya wiki moja au mbili atajitangaza: tumbo limejaa gesi, mbeuo unanuka yai viza, choo kina mafuta na kinaelea hata ukimwaga ndoo mbili. Sema umelogwa. Kisha nunua vidonge vinne dukani, meza viwili, na viwili mhifadhie shemeji.

Ukimchoka, kumbuka wahenga hao hao walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake ni kwenda kupima choo na kumaliza dozi yote uliyoandikiwa, hata kama tumbo limetulia. Chemsha maji, yafunike, yachote kwa kata yenye mpini mrefu au weka ndoo yenye koki. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ukitoka chooni, ukimaliza kumsafisha mtoto na kabla ya kushika chakula. Kitakasa mikono peke yake hakilivunji ganda hilo.

Na kile kikombe cha kamba, kifungue leo.