Kwa Mgeni wa Heshima, Harambee Zote, Kimilili

KUH: AHADI ZAKO KWA WATOTO WETU

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na simu yako ina chaji, maana nambari yetu ya paybill haijabadilika.

Mimi ni yule mchangishaji wa shirika la watoto wenye ulemavu aliyekualika saa nne asubuhi, ukafika saa tisa. Usijali. Watoto walikaa. Wengi wao hukaa tu, ndiyo sababu tulikualika.

Ahsante kwa kiti cha magurudumu. Picha ilitoka vizuri, na jina lako ulilolipaka mgongoni mwa kiti linasomeka hata ukiwa Kamukuywa. Ila kiti ni cha mtu mzima, na mtoto uliyemkalisha humo ana miaka sita. Ana mtindio wa ubongo. Kiti kipana humfanya alalie upande mmoja, na uti wa mgongo ukishafuata huko, kuurudisha ni kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kwamba anayepewa kiti apimwe kwanza. Suti yako ya siku ile ilikukaa sawasawa mabegani. Yule fundi wako angetufaa sana.

Uwasamehe akina mama walionong'ona uliposema "hawa viumbe wasiojiweza". Wamesoma Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinataka mtu mwenye ulemavu atajwe bila kudhalilishwa, na kinampa haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kumbe kiti kilikuwa haki ya mtoto kabla hakijawa zawadi yako! Nikawaambia wapige makofi tu. Mdaiwa akija kulipa na litungu linapigwa, si adabu kumuuliza salio.

Kuhusu zile Sh2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, wanaozipata wanashukuru, zikija. Nepi za mtoto wa miaka kumi, dawa ya kifafa, nauli ya kwenda fiziotherapia Bungoma au Kitale: hesabu hiyo nakuachia wewe unayepitisha bajeti.

Julai 2024, Rais alipopiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, nilidhani tumekupoteza. Hukukawia. Ulirudi kama "mzazi mwenzetu", na bahasha ikawa imetoka kwa "marafiki". Kisha Novemba, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa Sh2.6 milioni ambazo Rais alitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, na basi la parokia lililoahidiwa akalikataa pia. Nilimheshimu sana askofu. Halafu nikajikuta napiga hesabu ya viti vya saizi ya watoto. Kazi yangu hainiruhusu dhamiri ya kiwango kile.

Sasa ahadi. Kwenye daftari letu una choo chenye mlango mpana, rampu ya darasa, na "kitu kidogo cha walimu" ambacho hukutaja ni nini. Msaidizi wako husema umeshikika. Ulikuwa umeshikika tukipanda mahindi. Tumevuna, tumepukuchua, na bado.

Ombi letu ni jepesi. Mwaka huu usije. Mafuta ya yale magari manne na kodi ya mahema vitatosha rampu. Siku bajeti ya watoto hawa inapojadiliwa, wewe kaa tu ukumbini. Usitoke kupokea simu. Kura ikipigwa, inua mkono ule ule uliokuwa ukitupungia kutoka juu ya gari.

Wako mtiifu,
Mchangishaji, Kimilili

N.B. Yule jogoo uliyemnunua mnadani kwa Sh20,000 hujamlipia wala kumchukua, na anakula mahindi ya shirika. Desemba tutamnadi tena. Ukikaidi ombi letu ukaja, utaanza wewe kutaja bei.