Bwana Harusi Nje ya Picha

Wastaarabu huzilaumu komedi za muziki za Hollywood kwamba zinamfundisha mwanamke kuwinda mume, kana kwamba ndoa za wastaarabu wenyewe hufungwa kwa mahaba matupu. Utamu wa komedi hizo hasa ni kwamba zinataja bei hadharani, tena kwa kuimba. Katika Gentlemen Prefer Blondes (1953), baba mkwe mtarajiwa anamshutumu Lorelei, yaani Marilyn Monroe, kwa kufuata pesa. Anajibiwa kwamba utajiri kwa mwanamume ni kama uzuri kwa mwanamke, na kwamba yeye mwenyewe, kama angekuwa na binti, asingemwoza kwa fukara. Mzee, aliyekuwa ameambiwa Lorelei ni mjinga, anaishiwa hoja. Kisha inafungwa harusi ya wawili wawili, na kamera inasogea mpaka wanabaki Lorelei na shoga yake Dorothy tu. Mabwana harusi, pamoja na yule mwenye hela, wamekatwa nje ya picha. Mtasema Seven Brides for Seven Brothers (1954) inawateka wasichana na kuuita utekaji uchumba. Kweli, na hilo, dansi haliwezi kulitakasa, ingawa hata humo Milly, mke wa kaka mkubwa, anawatimua watekaji wakalale bandani na mifugo.