Kwa Mheshimiwa Mfumo: Ombi la Likizo ya Vidole

Mheshimiwa Mfumo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta uko juu.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Bibi yangu amekwenda kusajili laini ya simu, amerudishwa tena na jibu lile lile: "Vidole havisomi, bibi." Kijana wa chini ya mwavuli simlaumu. Alifuta kioo cha mashine kwa pindo la fulana, akamwambia bibi apanguse dole gumba kwenye paji la uso lipate mafuta, kisha akalibonyeza mwenyewe kama anayekamua chunusi. Likaja la kushoto. Kikaja cha shahada. Mashine ikakataa vyote. Foleni ikaanza kuguna, na bibi akaomba radhi. Ndicho kilichoniuma: mtu mzima yule kuomba radhi kwa sababu ya vidole vyake.

Simu siichukii. Tangu kutuma pesa kwa simu kuingie nchini 2008, bibi hapandi tena basi kufuata hela ya sukari. Kwa hiyo laini yake ikifungwa, kinachofungwa ni jiko. Na mwaka 2019, usajili wa alama za vidole ulipoanza, tuliahidiwa kwamba matapeli wamekwisha. Hadi leo wananiandikia: ile hela tuma kwenye namba hii. Inaelekea vidole vyao vinasomeka vizuri sana.

Naomba basi bibi apewe likizo ya vidole, yenye malipo. Katika kipindi hicho asishike jembe, asipukuchue mahindi, asisugue sufuria kwa majivu. Mvua za masika ziandikiwe barua zisubiri, nakala kwa magugu. Kila asubuhi afisa mwenye cheo kisichopungua mkuu wa idara amkande viganja kwa mafuta ya nazi. Jioni avalishwe glavu laini. Kila Ijumaa iketi Kamati ya Ukaguzi wa Mistari, na tochi, na lenzi, na posho ya kikao bila shaka, ieleze kama mistari ya vidole imeanza kuchipua. Wa kwanza ukionekana, aalikwe mgeni rasmi auzindue kwa kukata utepe, ngoma zipigwe, bibi anyooshe kidole kwa wapiga picha. Ikikomaa yote apewe cheti. Kukipokea, aweke dole gumba.

Mengine ni madogo. Benchi. Kivuli. Na kama kweli wewe ni wa kidijitali, utuambie fotokopi mbili na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri unazipeleka wapi.

Mnamwita mkulima uti wa mgongo wa taifa. Jembe lililofuta mistari ya bibi mmelichora kwenye Nembo ya Taifa, limepishana na shoka, na nembo hiyo inapamba barua zenu zote. Mahindi yake mmekula. Mikono iliyoyalima mnaiambia haijulikani ni ya nani! Wewe uliyeletwa utusogezee huduma, leo mwenye kosa ni kidole, kesho ni jicho, wewe huna kosa hata siku moja. Hamna hata haya?

Samahani, Mheshimiwa. Nimepandisha sauti.

Nakukumbusha tu kwamba tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari ilipopata hitilafu ukalala, nchi ilikungoja kwa adabu. Hakuna aliyekubonyeza. Hakuna aliyekuambia urudi kesho na mashahidi wawili. Ulipoamka tulikushukuru.

Majibu usimpigie bibi. Laini yake hukuisajili. Ukiwa na mzigo wowote kwake, hata hicho cheti, mpe kondakta wa basi la kijijini. Yeye anamjua kwa sura.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu