Sifa za Mshauri wa Pembeni

Vitabu vya sataranji vina kasoro moja kubwa: vinanyamaza. Chukua Mein System cha Aron Nimzowitsch, kilichotoka 1925. Kinaeleza vizuri sana jinsi ya kumzibia njia askari wa adui asisonge mbele, lakini mwandishi alifariki 1935, na jioni ukikwama kwenye meza ya mashindano hapa Kalemie hana la kukuambia. Mshauri wa pembeni yu hai. Amesimama nyuma ya bega lako, mikono kifuani, na hajafungua kitabu cha mchezo huu maishani, kwa hiyo hakuna nadharia ya kumchanganya.

Kwanza ni mkarimu. Hasubiri kuombwa. Ukiinamisha kichwa kufikiri, anajua umeshindwa kufikiri. "Papa, songesha farasi!" Tena hanong'oni, maana mpinzani wako naye ana haki ya kujifunza. Usipomwelewa huonyesha kwa kidole. Kidole hicho kimetoka kwenye mfuko wa ndagala za kukaanga, hivyo huacha tone la mafuta juu ya mraba wa e5, ili hata akienda kununua nyingine, wazo lake libaki mezani.

Mara nyingine huinyanyua kete mwenyewe. Sheria inataka aliyegusa kete aichezeshe, na mpinzani anakudai wewe. Mshauri haimhusu. Ni mtu huru.

Umeme wetu unatoka Bendera, kwenye mitambo ya maji kaskazini mwa mji. Ukikatika katikati ya mchezo, mwamuzi asihangaike: mshauri huwasha tochi ya simu. Hamuliki ubao mzima, huo ungekuwa ubadhirifu wa betri. Humulika kete anayotaka uichezeshe, kisha mraba inakotakiwa kwenda. Mfalme wako hubaki gizani, lakini mfalme kwani ana kazi gani?

Na kazi hii ina historia kwenye mwambao wetu. Aprili 1965 Che Guevara, mpenzi mkubwa wa sataranji, alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia wapiganaji wa Kongo kwa mafunzo na ushauri, bila viongozi wao kuarifiwa kwamba anakuja yeye. Juni wakaishambulia Bendera hiyohiyo, wakashindwa. Novemba akavuka tena kurudi Kigoma. Nilipomsimulia mshauri wetu kisa hicho hakushtuka. Alisema angekuwepo yeye, farasi ndiye angetangulia.

Mchezo ukiisha, hesabu zake ni za haki kabisa. Ukishinda, "tumemfunga." Ukifungwa, "nilikuambia."

Wapo wasiothamini kipaji hiki. Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, lililoundwa Paris 1924, linakataza katika sheria zake watazamaji wasizungumzie mchezo unaoendelea. Waandaaji wetu wakalibandika katazo hilo ukutani, kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa. Mshauri alilisoma kwa makini hadi mwisho. Akaona baadhi ya wachezaji Kifaransa hakijawakaa sawasawa, akapita meza kwa meza akiwatafsiria kwa sauti. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika, kila meza akaiachia neno moja kuhusu farasi.