Meli ya Jini Juu ya Meza ya Jikoni

Vejle, Denmark

Ndugu zangu wa Buwenge, Uganda,

Shemeji, kabla hujaniuliza hela ya mbolea ya miwa, keti kwanza upate habari: nimenunua meli. Ni ya maharamia, na ni ya kuruka angani. Imetia nanga juu ya meza ya jikoni, kando ya chumvi.

Nimeipata kwenye duka la mitumba, maana hata huku mitumba ipo. Ni boksi la Lego, vile vipande vya plastiki vya kuunganisha, la mwaka 2016, halijafunguliwa, jina lake Misfortune's Keep, vipande 754. Mama muuzaji akauliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamjibu kuwa ameshaota mvi na anadaiwa na SACCO. Akanifungia bila kucheka.

Katika hadithi za Ninjago, za Lego wenyewe, nahodha wa meli hii ni jini aitwaye Nadakhan, mwenye mikono minne, aliyekuwa amefungiwa ndani ya birika la chai. Ukimtoa anakupa maombi matatu, na kila unachoomba anakigeuza kikukabe wewe mwenyewe. Shangazi, najua utasema wa namna hiyo mnamjua, hupita kila miaka 5 akigawa sabuni na chumvi.

Sasa kazi ya kuijenga. Kitabu cha maelekezo hakina neno hata moja, ni picha tu. Ukurasa mmoja unakuonyesha vipande viwili vitatu, unavibana, vinalia "ta!", unafungua ukurasa unaofuata. Hakikuachii nafasi ya kubishana nacho. Ndiyo maana watu wa huku wakikuta taa nyekundu ya waenda kwa miguu saa sita usiku, barabara tupu, hata paka hakuna, bado wanasimama. Tangu utotoni wamezoea kungoja ukurasa unaofuata.

Kilichonishinda kabisa ni mwisho wake. Meli imekamilika, nimeikagua mbele na nyuma, na mezani vimebaki vipande vidogo kadhaa. Ninyi mnajua maana ya hilo. Fundi wa boda pale stendi akikurudishia pikipiki na boliti mbili mkononi, huipandi tena mpaka umwite Mungu. Nikaibomoa nusu ya meli nikitafuta kosa. Mdenmark ninayefanya naye kazi akanicheka: vipande hivyo vimewekwa makusudi! Mifuko hukaguliwa kiwandani kwa mizani, na vipande vidogo sana ni vyepesi kiasi kwamba mizani haiwezi kuvihisi vizuri, basi huongezwa vichache ili asipunjwe mtu. Na kipande kikikosekana kweli, unawaandikia, wanakutumia kingine bure. Hebu fikiria unaenda kwa muuza sukari wa kupima unamwambia chembe moja haikuingia.

Mwenye kuanzisha kampuni ya Lego alikuwa fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, katika kijiji cha Billund, si mbali na hapa ninapolala. Alianza kutengeneza vitu vya kuchezea mwaka 1932, kwa mbao, kama wale mafundi wetu wa vitanda barabara ya Kamuli. Hataza ya tofali la plastiki tulijualo iliombwa mwaka 1958. Mwaka 1960 moto ukateketeza ghala la vitu vya mbao, wakaachana na mbao. Mwaka 1964 Billund ikafungua uwanja wa ndege, uliotokana na kiwanja cha ndege cha kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo wana uwanja wa ndege wa kweli, lakini meli yao ya kuruka hairuki. Haina injini. Unaibeba kwa mkono na kunguruma kwa mdomo, na jirani wa chini anagonga dari yake.

Nami nikinguruma hivyo, nawakumbuka maharamia wetu. Wale watoto wanaovizia trela la miwa linalopunguza mwendo likielekea kiwanda cha sukari cha Kakira, mmoja anadandia nyuma, anachomoa muwa, wengine wanaokota wakikimbia. Ile ndiyo meli niliyoipanda mimi, na nahodha wake alikuwa na mikono miwili na fimbo. Huku miwa inauzwa dukani imekatwa vipande, ndani ya plastiki, kwa bei inayotaka mdhamini.

Hukumu yangu: ni chombo safi, imara, na akili nyingi imeingia humo. Wenyewe wanajisifu kwamba matofali 6 ya aina moja, yale ya vifundo 8, hupangika kwa namna 915,103,765. Nikawaambia kazini kwamba mtoto wa Buwenge kwa waya mmoja na kandambili iliyokatika anatoa gari lenye usukani mrefu, la kuendeshwa umesimama, bila kitabu chochote. Hawakuniamini. Basi, Shemeji, mwambie mpwa wangu atengeneze moja, matairi manne ya kandambili, usukani unaokata kona, umpe yeyote anayesafiri kuja huku. Hela ya mbolea nitaituma siku gari litakapofika.